Viroboto na mende kwenye nyumba yenye paka

Hapa Ngamiani, mjini Tanga, hata usipofuga paka, wa jirani atakuja kwa harufu ya dagaa, kwa hiyo maneno haya yanakuhusu. Ukumbuke jambo moja kabla hujanunua dawa yoyote: paka hujilamba. Ulichopuliza sakafuni kinamganda kwenye nyayo, na usiku kimeshafika tumboni.

Viroboto ndio wanaotutesa zaidi, hasa masika. Watu wanamwogesha paka, siku chache baadaye anajikuna vilevile, wanasema wameuziwa dawa feki. Lakini wale wa kwenye manyoya ni wachache tu. Mayai na mabuu yamo kwenye nyufa za sakafu, chini ya jamvi, kwenye mishono ya godoro la usumba. Na kiroboto akishajifunga kwenye kifukofuko chake, dawa haimpati. Anaweza kukaa humo miezi akingoja joto na mtikisiko wa miguu. Ndiyo maana ukienda Lushoto kusalimia, ukirudi na kufungua mlango wanakuvaa magotini.

Basi vita ipeleke sakafuni. Fagia kila siku mpaka uvunguni, taka uzifunge kwenye mfuko na kuzitoa nje papo hapo. Mikeka ikung'ute na uianike jua la saa sita. Tambara analolalia paka lifue kwa maji ya moto kila wiki. Nyufa zizibe kwa saruji. Fundi wa mtaani hachukui asubuhi nzima. Usiku weka chini ya taa sahani ya maji yenye sabuni kidogo: wanarukia mwanga na kuzama. Sahani haitawamaliza, ila itakuonyesha kama wanapungua. Endelea wiki kadhaa hata usipowaona, maana waliomo vifukoni bado wanatoka. Paka mwenyewe mchane kwa chanuo la chawa, ukilichovya kwenye maji ya sabuni kila mara.

Ukitaka dawa ya kumpaka, muuzaji wa dawa za mifugo mwambie waziwazi kwamba ni ya paka, na uzito wake. Ya mbwa usichukue hata ukipunguziwa bei. Nyingi zina permetrini (kwenye kopo utasoma permethrin). Mbwa anaihimili, lakini ini la paka haliwezi kuivunja, na inamtia degedege. Dawa ya kuogeshea ng'ombe pia mwachie ng'ombe. Na shangazi akikwambia mpake mafuta ya taa, itikia kwa adabu, kisha usifanye: yanaunguza ngozi, na yakipenya mapafuni mwake yanaweza kumuua. Mafuta ya karafuu nayo si ya paka, hata yanukie vipi.

Mende ni rahisi zaidi. Chaki ya mende mimi siitaki ndani. Ni sumu iliyopewa umbo la chaki ya shule, na watoto wanaijua chaki. Tumia jeli ya mende ya bomba, nukta ndogo ndani ya bawaba za kabati na nyuma ya friji, pale ambapo ulimi wa paka haufiki. Vyombo vioshwe kabla ya kulala na ndoo ya taka ifunikwe, la sivyo mende ataiacha jeli aende kwenye ukoko wa wali.

Ukilazimika kupuliza, toa wanyama wote, na bakuli zao. Samaki wa kwenye tangi la kioo dawa hizi huwaua upesi. Kama huwezi kuwahamisha, usipulize chumba hicho. Paka arudi sakafu ikishakauka kabisa na madirisha yameshapitisha upepo.

Ukiona anatetemeka, anatoka mate au anayumba baada ya kugusa dawa, usimpe maziwa wala usimtapishe. Kama dawa iko kwenye manyoya, mwoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini ya vyombo, mfunge kwenye taulo, ukimbie kwa daktari wa mifugo, na kopo la dawa liwe mkononi ili asome mwenyewe kilichoandikwa.