Namna ya kumtuma dukani mtoto mwenye ADHD

Nilipokuwa na miaka 9, Tanga, mama alinituma mafuta ya taa, kibiriti na vitunguu. Njiani nikamkuta fundi baiskeli anatafuta pancha kwenye karai la maji, nikachuchumaa kutazama mapovu. Nilirudi na kibiriti tu. Chupa nilikuwa nimeiacha kwa fundi. Nilichapwa, lakini fimbo ilipoa. Neno halikupoa: "Unafanya makusudi." Sikufanya makusudi, na kwa miaka 25 nililijua hilo peke yangu, mpaka daktari aliponiambia nina ADHD, yaani hali ya ubongo inayomfanya mtu ashindwe kutuliza akili au mwili na asahau upesi.

Sasa nina kijana wa miaka 8, naye ni kama mimi kabisa. Namtuma karibu kila siku, na vitu vinafika.

Usimwagize ukiwa jikoni naye yuko uani. Mfuate, mguse bega, ngoja akutazame. Ukimwita kwa mbali ataitika "naam" na ataendelea na mchezo wake. Wengi hapo huona kiburi, lakini sauti imefika masikioni tu, akili bado iko kwenye gololi.

Vitu viwili, visizidi. Vikiwa vinne, mtume mara mbili; mbio anazipenda.

Mpe cha kushika. Anachoambiwa mtoto huyu hakikai sana kichwani, basi kikae mkononi: chupa kama ni mafuta, kikapu kama ni mboga. Noti naikunja ndani ya karatasi yenye majina ya vitu, na mwenye duka nilishamweleza, kwa hiyo huiomba mwenyewe.

Kisha usimuulize "umesikia?" maana atasema ndiyo, na hadanganyi. Uliza, "Unaenda kuchukua nini?" Ajibu kwa kinywa chake kabla hajavuka mlango.

Akirudi, msifu pale pale na utaje alichofanya: "Umeleta chumvi, na chenji imetimia." Zawadi ya Jumamosi kwake iko mbali mno. Akisahau kitu, mrudishe dukani bila kelele. Dada yangu anasema namdekeza. Simdekezi; kazi anaimaliza, ila hatukanwi.

Kusahau chumvi peke yake si ADHD. Daktari atataka kujua kama dalili zilianza kabla ya miaka 12, zimedumu miezi 6 au zaidi, na zinaonekana nyumbani na shuleni pia. Mimi nilinunua daftari dogo, nikaandika tarehe na kilichotokea kwa miezi miwili, nikamwomba na mwalimu wake aandike ya darasani. Mume wangu aliogopa neno "afya ya akili", akidhani mtoto ataitwa kichaa. Nilimsomea lile daftari usiku mmoja, ukurasa baada ya ukurasa. Asubuhi akavaa viatu, tukaenda wote watatu.