Umezaa kwa kisu? Dawa ya maumivu inywe kwa saa

Usiku wa kwanza baada ya kumzaa mwanangu wa kwanza, nesi alipita na dawa nikamwambia sisikii kitu. Kumbe ile ganzi ya sindano ya mgongo ilikuwa bado haijaisha. Saa nane usiku miguu ikapata uhai, maumivu nayo yakaja. Mtoto analia pembeni yangu, kujigeuza siwezi.

Uzazi wa pili sikusubiri. Nilipewa parasetamoli vidonge viwili vya miligramu 500 kila baada ya saa 6, na ibuprofeni miligramu 400 kila baada ya saa 8, nikishakula. Hizo mbili zinasaidiana, na unanyonyesha kama kawaida. Nilitegesha alamu ya simu, mume wangu akawa anaandika kila dozi kwenye daftari. Parasetamoli isizidi vidonge 8 kwa siku, na dawa nyingi za mafua zinayo ndani, kwa hiyo usizichanganye. Ukiandikiwa diklofenaki, acha ibuprofeni, maana ni za ukoo mmoja. Una vidonda vya tumbo, figo, pumu au ulikuwa na presha? Mwambie daktari kabla hujameza. Tramadoli na kodeini usijinunulie kabisa: hupita kwenye maziwa, na mtoto anaweza kulala fofofo hadi pumzi imshinde.

Kingine ni kanga. Ikunje iwe kama kimto, uikandamize kwenye mshono kila unapotaka kukohoa, kucheka au kusimama. Kutoka kitandani usinyanyuke kwa tumbo: kunja magoti, lala ubavu, shusha miguu, jisukume kwa mkono. Tembea taratibu hata mpaka chooni, gesi itoke. Mimi ile gesi ilinitesa karibu sawa na kidonda. Ukinyonyesha, mtoto mpitishe chini ya kwapa, miguu yake ielekee mgongoni kwako, asije akaupiga mshono teke.

Mama alikuja na sufuria ya maji ya moto anikande tumbo. Nikamwambia, "Mama, hapa pana mshono, wamekataza." Aliumia kidogo, kisha akanikanda mgongo, akanipikia uji wa pilipili manga. Nilimshukuru sana.

Maumivu yapungue siku hadi siku. Yakizidi, au ukapata homa, mshono ukatoa usaha au harufu, damu ikatoka nyingi, mguu mmoja ukavimba, au kichwa kikakugonga kila ukikaa na kutulia ukilala, rudi hospitali usiku huohuo.