Kukuza mwashoki Tabora: uvushe kiangazi cha kwanza

Mwashoki, ule mrefu mwembamba wenye majani yanayoning'inia, asili yake ni India na Sri Lanka. Tabora unakubali vizuri, ila mingi hufa kiangazi cha kwanza.

1. Mche. Chukua wa sentimita 40 hadi 60. Mche mrefu kwenye kiriba (mfuko wa kuoteshea) kidogo unapendeza macho, lakini mizizi imeshajizungusha chini.

2. Shimo. Chimba Oktoba, sentimita 60 upana na kina, udongo wa juu ukiuweka kando. Kaa mita 2 kutoka ukutani, mita 1.5 kati ya mche na mche, na mbali na shimo la choo.

3. Samadi. Changanya debe moja na ule udongo wa juu. Iwe imeoza kabisa: ukiifikicha mkononi isinuke zizi. Mbichi huunguza mizizi na kuita mchwa.

4. Kupanda. Subiri mvua zikolee, mwisho wa Novemba au Desemba. Chana kiriba, kiondoe chote, shingo ya mche, pale shina linapokutana na mizizi, iwe usawa wa ardhi, kisha shindilia taratibu kwa mguu.

5. Mchwa. Hapa ndipo miti inapopotelea. Mchwa hujenga utando wa udongo shinani na kutafuna gome kwa ndani. Wakilimaliza pande zote, majani yote hulegea kwa pamoja, na hapo umeshachelewa. Kagua shina mara mbili kwa wiki, ukikuta utando upanguse. Nyasi za kutandazia ziache shubiri moja kutoka shinani. Zikiligusa, umewajengea mchwa daraja. Majivu husaidia kidogo, mvua moja tu yameisha. Kama kuna kichuguu jirani, nunua dawa ya mchwa duka la pembejeo, ufuate vipimo vya lebo.

6. Maji. Mei hadi mvua zirudi, mpe kila mche ndoo ya lita 20 mara mbili kwa wiki, jioni. Kikombe cha kila siku huifanya mizizi ibaki juu. Ncha za majani zikiwa kahawia, mara nyingi ni kiu. Majani ya chini yakiwa njano na udongo umelowa, maji yametuama, chimba mfereji.

7. Kupogoa. Ondoa matawi makavu tu. Ukikata kilele, mti hutoa vichwa viwili vitatu na kupoteza unyoofu wake.