Rangi za Pwani Ndani ya Nyumba ya Dodoma

Wengi wanaotaka nyumba ya Iyumbu au Nzuguni, hapa Dodoma, ipate utulivu wa pwani huanza kwa kununua ndoo ya bluu, na hapo ndipo kazi inapoharibika. Ukiziangalia nyumba za kale za Bagamoyo au Mji Mkongwe wa Zanzibar, bluu ukutani ni chache. Kuta ni za mawe ya matumbawe yaliyopakwa chokaa, boriti za mikoko zimeiva kahawia, makuti yakizeeka hugeuka kijivu, na milango ni mbao nzito zilizoachwa na rangi yake. Bluu iko nje, baharini.

Dodoma dirishani hakuna bahari. Kuna udongo mwekundu, jua kali, upepo na vumbi. Kwa hiyo kinachobeba nyumba ni nyeupe ya chokaa, mchanga na kijivu cha jiwe; bluu na kijani huja mwisho, tena kwa kipimo. Kijivu hicho hakihitaji kutafutwa mbali, kwa kuwa majabali ya vilima vya Dodoma na gome la mbuyu vinakionyesha kila siku, na kinakaa vizuri sana na mchanga wa pwani.

Udongo wa uani unaingia ndani

Hili ndilo linalowashangaza wengi baada ya kupaka. Jua likipiga udongo mwekundu, mwanga hurudi juu ukiwa umebeba wekundu, hupita dirishani na kutua kwenye dari na ukutani. Ili uone nguvu yake, simama karibu na dirisha majira ya saa tano asubuhi ukiwa na karatasi nyeupe ya A4. Iinamishe ielekee ardhi ya uani, kisha iinue ielekee anga. Mara ya kwanza karatasi hushika wekundu, mara ya pili hupoa na kuelekea bluu. Kila rangi utakayoipaka ndani itapitia mabadiliko hayohayo.

Ndiyo maana rangi ya maziwa iliyopendeza dukani hugeuka kama chungwa lililopauka ikifika ukutani. Rangi hiyo tayari ina manjano au uwaridi ndani yake, na uani unaongeza. Kwa nyumba iliyozungukwa na udongo mtupu, chagua mchanga ulioegemea kijivu au kijani kidogo sana. Utauona dukani kama umepooza; ukifika nyumbani, udongo utaupa joto unalolitaka. Kama una mpango wa kuweka pevingi au majani uani, fanya kazi hiyo kwanza, kwa sababu mwanga wa ndani utabadilika.

Nyeupe tupu nayo inasumbua. Saa sita mchana inarudisha mwanga mwingi hadi macho yanakaza, na kila alama ya mkono inaonekana. Iwekee tone la kijivu. Baadhi ya kadi za rangi huonyesha namba ya kiwango cha kuakisi mwanga, kutoka 0 kwa nyeusi hadi 100 kwa nyeupe kamili. Kwa kuta za sebule na vyumba tafuta kati ya 55 na 70. Dari iwe juu ya 80. Chumba chenye kibaraza kirefu mbele ya dirisha kiende karibu na 70, maana kibaraza kinakula mwanga mwingi.

Upande wa dirisha pia una neno lake. Dodoma iko takriban nyuzi 6 kusini mwa Ikweta, kwa hiyo jua la mchana huwa upande wa kaskazini kuanzia mwanzoni mwa Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba, na upande wa kusini miezi inayobaki. Hakuna upande wa nyumba unaoishi kivulini mwaka mzima. Linalotofautiana zaidi ni mashariki na magharibi. Chumba cha magharibi hupigwa na mwanga wa dhahabu kuanzia saa kumi, na mchanga wenye manjano hapo hugeuka moto. Kipe kijivu cha jiwe au kijani kilichofifia. Chumba cha mashariki kina mwanga mpole mchana kutwa baada ya asubuhi, kinaweza kupokea mchanga wenye joto.

Anza na visivyobadilika

Kabla ya kugusa kadi ya rangi, angalia sakafu. Marumaru ikishawekwa haitoki kirahisi, na ndiyo eneo kubwa la rangi moja ndani ya nyumba. Marumaru yenye krimu ya uwaridi ikikutana na ukuta wa kijivu baridi, ukuta utaonekana wa bluu na sakafu itaonekana chafu. Weka kipande cha marumaru hiyo na kadi ya rangi vyote juu ya karatasi nyeupe. Weupe wa karatasi utakuonyesha kila kimoja kinaegemea wapi. Vikiegemea upande mmoja, endelea. Milango ya mninga ina wekundu mzuri, usiifunike. Vanishi isiyong'aa sana inatosha, na ukuta wenye kijani kidogo utaifanya ionekane zaidi. Fremu nyeupe za aluminiamu hutaka ukuta ulio mweusi kidogo kuliko zenyewe, la sivyo ukuta utafanana na fremu iliyochafuka.

Kiasi cha kila rangi

Gawa chumba hivi: sehemu 6 kati ya 10 ziwe mchanga au nyeupe ya chokaa, yaani kuta na mapazia, sehemu 3 ziwe za mbao, mikeka, kijivu cha jiwe na kahawia ya kifuu, sehemu 1 tu iwe bluu au kijani. Hiyo moja inaweza kuwa foronya za mito ya makochi, makabati ya chini ya jikoni, au ukuta mdogo wa korido. Bafuni unaweza kuipandisha hadi sehemu 3, kwa sababu ni chumba kidogo na watu hawakai muda mrefu.

Bluu yenyewe ichaguliwe ile yenye kijani na kijivu ndani yake, rangi ya maji mafupi juu ya mchanga bahari inapokupwa. Bluu kali haikai vizuri Dodoma kwa sababu inayoeleweka: bluu na wekundu wa udongo zinapingana, na zikisimama karibu kila moja huifanya nyingine ionekane kali zaidi. Ukuta wa nje wenye bluu iliyokolea juu ya ardhi nyekundu hupiga kelele, hautulii kamwe.

Dukani usiombe "bluu bahari" tu. Kila kampuni ina bluu bahari yake. Chagua kwenye kadi, ichanganywe kwa mashine, na uandike namba ya mchanganyiko pamoja na aina ya rangi. Usikubali fundi akoroge kwa macho kutoka vichupa vya rangi ya kukoleza. Ndoo ya pili haitafanana na ya kwanza. Hata ndoo mbili za namba moja zimimine kwenye chombo kimoja kikubwa na uzichanganye kabla ya kuanza ukuta.

Jaribu kabla ya kununua ndoo

Nunua kiasi kidogo kabisa kinachouzwa cha rangi mbili au tatu. Paka kila moja mikono miwili, yaani tabaka mbili, kwenye kipande cha jipsamu au hadibodi cha sentimita 60 kwa 60, ukiacha ukingo mweupe wa sentimita 3 ili rangi ya zamani ya ukuta isikudanganye. Subiri ikauke usiku mzima. Rangi ya maji ikiwa mbichi haionekani kama ikikauka. Kisha kisimamishe ukutani, kihamishe kona hadi kona, na ukitazame saa moja asubuhi, saa saba mchana, saa kumi na moja jioni, na usiku taa ikiwa imewaka.

Usiku ndipo wengi wanapokosea. Balbu nyingi madukani ni za mwanga mweupe wa 6500 K (K ni kipimo cha rangi ya mwanga; namba ikiwa ndogo, mwanga ni wa manjano zaidi), na chini yake mchanga hugeuka kijivu, bluu hugeuka ya wodini. Badilisha balbu kwanza ziwe za 2700 hadi 3000 K kwa sebule na vyumba vya kulala, ndipo uamue rangi. Rangi ikienea chumba kizima huonekana imekolea kuliko kwenye kadi, kwa hiyo ukisita kati ya mbili, chukua iliyo nyepesi zaidi.

Kiasi cha kununua

Sebule ya mita 4 kwa 5 yenye kimo cha mita 3 ina mzunguko wa mita 18, sawa na mita za mraba 54 za kuta. Ondoa mlango mmoja na madirisha mawili ya mita 1.5 kwa 1.5, zinabaki kama 48. Mikono miwili ni 96. Ukuta uliopigwa skimu vizuri, yaani tabaka jembamba la kulainisha juu ya plasta, hula takriban lita 1 kwa kila mita za mraba 10 kwa mkono mmoja, hivyo unahitaji karibu lita 10, nusu ya ndoo kubwa. Plasta isiyo na skimu inanyonya: hesabu mita za mraba 7 kwa lita, yaani lita 14. Dari ya mita 20 za mraba humalizwa na galoni moja ya lita 4.

Kwa kuta za sebule na korido tumia silki yenye mng'ao mdogo, maana vumbi la Dodoma linafutika kwa kitambaa chenye maji. Rangi isiyong'aa kabisa inatuliza macho zaidi, lakini vumbi hunasa na ukifuta unaacha baka. Iache kwa dari na chumba cha kulala cha watu wazima. Silki nayo inaanika kila bonde la skimu mbaya pale mwanga wa dirisha unapoupiga ukuta kwa ubavu.

Ukuta wenyewe, na chumvi yake

Plasta mpya ya saruji imwagiliwe maji angalau siku 7, maana hewa kavu huikausha juu kabla haijakomaa, kisha iachwe hadi itimize kama siku 28. Ukipaka mapema, ukali wa saruji huila rangi na kuacha mabaka yaliyopauka. Piga msasa namba 120 hadi 180, futa vumbi lote, paka praima, yaani rangi ya msingi, inayostahimili ukali wa saruji, ndipo mikono miwili ya rangi.

Unga mweupe na malengelenge chini ya ukuta ni chumvi. Inatoka kwenye udongo, au kwenye maji ya chumvi yaliyochanganyia saruji. Unyevu unaipandisha, ukikauka inabaki juu na kuisukuma rangi. Usiioshe, maana maji huirudisha ndani. Ikwangue ikiwa kavu, ipige brashi ngumu, izoe, rudia kila inapotokea hadi ikome, na uzuie maji ya paa au ya bomba yanayolowesha msingi. Kuifunika kwa rangi ya mafuta ni kupoteza fedha. Unyevu hukosa pa kutokea na rangi hubanduka kwa magamba. Skimu ya jipsamu isitumike nje wala bafuni.

Nje ya nyumba

Mvua za Desemba hadi Aprili hurusha tope jekundu ukutani. Paka mkanda wa chini wenye kimo cha sentimita 60 hadi 90 kwa rangi ya ugoro au udongo uliofifia, ya aina inayostahimili hali ya hewa, na juu yake mchanga wenye kijivu. Msimu mzuri wa kupaka nje ni Mei na Juni: mvua imekwisha, ukuta umekauka, na pepo zenye vumbi nyingi za miezi inayofuata hazijaanza kubandika chembe kwenye rangi mbichi. Anza mapema asubuhi kwa upande ulio kivulini na ufuate kivuli kinavyozunguka. Ukuta wenye joto la jua hukausha rangi kabla rola haijarudi, na viungo vyote vitaonekana kama mistari. Maliza ukuta mzima kwa mkupuo mmoja, kona hadi kona.

Bakisha walau nusu lita ya kila rangi kwenye chupa iliyojazwa hadi shingoni, uandike juu yake namba ya mchanganyiko, chumba na tarehe, na uiweke ndani mbali na bati lenye joto.