Kabla ya kuvuta kamba: mashine ya maji kando ya Sabaki

Mashine ya kumwagilia inayowashwa kwa mkono haijui kujizima. Maji yakikatika, paipu ikichomoka au injini ikichemka, itaendelea kunguruma mpaka mtu aifikie. Kwa hiyo anza na namna ya kuizima. Ya petroli ina swichi na koki ya mafuta. Ya dizeli ya kuzungusha hendeli haina plagi ya kukatiwa moto. Huzimwa kwa kuikatia mafuta. Kijana utakayemwachia shamba aizime kwa mkono wake mwenyewe, wewe ukimtazama, kabla hujaenda Malindi mjini.

Pili, mahali pa kuiweka. Sabaki huleta maji ya bara kupitia Athi na Galana, hivyo mto unaweza kupanda usiku hapa kwetu pasipo hata tone la mvua. Mashine ikae juu ya ukingo, kwenye udongo mgumu, ila isipande mno: pampu ya kuvuta haiwezi kupita takriban mita 7 kutoka usawa wa maji. Walio karibu na mlango wa mto waonje maji kwanza, maana bahari ikijaa chumvi hupanda nayo, na mchicha hausamehe. Chujio la paipu lisilale kwenye tope. Ukienda kulisafisha, nenda mchana na mwenzako, kwa sababu ya viboko na mamba.

Hizo mita 7 ndizo zinazowaponza wenye visima. Maji yakiwa chini zaidi, mtu huona njia rahisi ni kuishusha mashine yenyewe kisimani kwa kamba. Usifanye hivyo kamwe. Moshi wa injini una kaboni monoksidi, gesi ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na kisimani haina pa kutokea. Kuizima na kungoja kidogo hakutoshi. Mwenzako akianguka humo usimfuate. Anayeshuka kumwokoa huanguka vilevile. Piga kelele, ita wenye vifaa vya kupumulia. Kisima kirefu kinataka pampu ya kuzamishwa, ya umeme au ya sola. Bei ni kubwa, ndiyo, lakini hapa sioni njia ya mkato.

Mengine ni ya haraka. Pima oili injini ikiwa imekaa sawa. Mafuta yaongezwe injini ikiwa imezimwa na kupoa, mbali na sigara. Kikoi kinachoning'inia na mkanda unaozunguka havipatani, vaa suruali.

Jaza maji kwenye pampu kabla ya kuwasha, kwani ikizunguka kavu, sili inayozuia maji kuvuja huungua upesi. Washa kwa mwendo mdogo. Ikishika maji, fungua koki ya kutolea polepole, usije ukaipasua paipu. Isiposhika baada ya muda mfupi, zima utafute hewa inakoingilia. Mara nyingi ni kwenye klipu ya paipu ya kuvutia. Wengi hukosea hapa kwa kuongeza mwendo. Koki ikifungwa muda mrefu injini ikizunguka, maji ya ndani huchemka.

Ukimaliza, punguza mwendo, iache ipumue kidogo, zima, kisha funga koki ya mafuta. Ikiwa ilivuta maji ya chumvi, pitisha maji yasiyo na chumvi ndani yake siku hiyohiyo.