Jinsi ya kukokotoa umbali na muda wa kuruka kati ya Kigoma na Mtwara

Msafiri anayetaka kwenda Mtwara kwa ndege kutoka Kigoma kwa kawaida hupitishwa Dar es Salaam, hivyo tiketi yake haimwelezi umbali halisi kati ya viwanja hivyo viwili. Anayepanga ndege ya kukodi hana budi kuujua, na kikokotoo cha simu kinamtosha.

Hatua ya kwanza ni kuandika mahali viwanja vilipo. Kigoma ipo latitudo 4°53′ kusini na longitudo 29°40′ mashariki. Mtwara ipo 10°20′ kusini na 40°11′ mashariki.

Hatua ya pili ni kutafuta tofauti kwa dakika za digrii (digrii moja ina dakika 60). Tofauti ya latitudo ni dakika 327, na kwa kuwa kila dakika ya latitudo ni sawa na maili moja ya baharini, tayari tuna maili 327. Tofauti ya longitudo ni dakika 631, lakini mistari ya longitudo hukaribiana kadiri inavyoiacha ikweta, kwa hiyo zidisha kwa kosaini ya latitudo ya katikati, ambayo hapa ni 0.991, upate maili 625. Wengi huiruka kazi hii. Karibu na ikweta kosa lake ni dogo, ila kwa viwanja vya kaskazini ya mbali jibu huharibika kabisa.

Hatua ya tatu, tumia kanuni ya Pythagoras: jumlisha vipeo vya pili vya 327 na 625, kisha tafuta kipeuo cha pili. Jibu ni takriban maili 705 za baharini, ambazo ukizizidisha kwa 1.852 ni takriban kilomita 1,306. Kupitia Dar es Salaam, kwa hesabu hiyohiyo, ni takriban kilomita 1,475.

Hatua ya nne ni muda, na hapa ndipo pa kutulia. Ndege ndogo aina ya Cessna Caravan inayokwenda noti 170 (yaani maili 170 za baharini kwa saa) pasipo upepo itachukua saa 4 na dakika 9. Njia hii huelekea mashariki-kusini-mashariki, karibu uso kwa uso na upepo wa kusini-mashariki wa majira ya kusi. Upepo ukipunguza kasi kwa noti 20, safari hufikia saa 4 na dakika 42. Wakati wa kurudi, upepo huohuo ukisukuma kwa noti 20, huwa saa 3 na dakika 43. Jumla ya kwenda na kurudi inazidi ile ya siku tulivu kwa takriban dakika 7, kwa sababu ndege hukaa muda mrefu zaidi ndani ya upepo unaoizuia kuliko ndani ya ule unaoisukuma. Mafuta yapimwe kwa muda wa kwenda, pamoja na akiba, hata kama itabidi kupunguza abiria.

Mwisho, ongeza dakika za kutembea ardhini, kupaa na kushuka, kisha angalia machweo. Saa za Kigoma na Mtwara ni zilezile, lakini siku ambazo mchana na usiku hulingana, jua huzama Mtwara takriban dakika 42 mapema zaidi. Rubani anayeruka kwa kutegemea macho ahesabu saa yake ya mwisho ya kuondoka akianzia machweo ya Mtwara, si ya Kigoma.