Kufuatilia nasaba ya ukoo kwa msaada wa ndugu wa mbali

Mwongozo huu ni wa koo za pwani zilizosambaa: huku Tanga, kule Unguja na Mombasa, wengine Muscat.

1. Chora unachokijua. Wewe, wazazi, babu na bibi wa pande zote mbili. Kila mtu mpe namba, maana majina yatajirudia.

2. Tafuta wazee, mmoja mmoja. Anza na mashangazi na mabibi. Wao ndio wanaojua nani alikaa eda ya nani na mtoto yupi alilelewa wapi. Usilitupe swali kwenye grupu la WhatsApp: wa kwanza akishajibu, wengine huitikia tu, nawe utadhani umepata mashahidi kumi. Omba ujumbe wa sauti na uuhifadhi nje ya simu siku hiyohiyo.

3. Pambanua "baba" na "babu". Hapa ndipo nasaba nyingi huharibika. Baba mkubwa na baba mdogo wote huitwa baba, na kaka yake babu naye ni babu. Usiulize "baba yake nani?" Uliza: "Aliyemzaa hasa ni nani? Na fulani ni tumbo moja, au baba mmoja mama mbalimbali?" Ndugu wa kunyonya ziwa moja waandike kwa alama yao, ni ndugu kweli, lakini nasaba yao ni nyingine.

Kisha kuna masomo, yaani watu wenye jina moja. Mjukuu hupewa jina la babu yake, kwa hiyo Juma Hamisi Juma anaweza kumzaa Hamisi, naye Hamisi akamzaa Juma Hamisi Juma mwingine. Ukiona mtu mmoja ana watoto waliopishana miaka 50, karibu hakika umewaunganisha wawili. Watenganishe kwa majina ya wake zao, mtaa na mahali walipozikwa. Jina la nne ndilo linalofungua fundo, na mara nyingi analo ndugu wa tawi jingine: wewe una "Juma Hamisi Juma", yeye ana "Hamisi Juma Mbwana".

Kwa akina mama, sisitiza "binti nani". Ukiandika "mama Salma" tu, upande mzima wa ukoo umepotea.

4. Miaka. Uliza kwa matukio: Vita vya 1914–1918, Uhuru wa Tanganyika Desemba 1961, Mapinduzi ya Zanzibar Januari 1964. "Siku hizo ulikuwa umeshaolewa? Ulikuwa na mtoto yupi mgongoni?" Andika "kabla ya 1964", usibuni mwaka. Tarehe 1 Januari kwenye kitambulisho cha mzee mara nyingi ni ya kukadiria.

5. Hati. Kwa familia za Kiislamu, hakuna hati ninayoithamini kuliko ya mirathi. Inataja warithi na mafungu: mtoto wa kiume mawili, wa kike moja, mjane thumuni (1/8) akiwapo mtoto, na wajane wakiwa wengi huigawana thumuni hiyohiyo. Ukikuta 1/16 mara mbili, marehemu aliacha wake wawili. Lakini jina kukosekana si ushahidi: mtoto aliyetangulia kufa hayumo, na wanawe hawarithi akiwapo ami yao wa kiume.

6. Hifadhi. Tumia Gramps, programu ya kompyuta ya kuchorea nasaba: ni bure, haihitaji intaneti, na hutoa faili la GEDCOM ambalo programu nyingine za nasaba husoma. Kila taarifa iandikie aliyeisema na tarehe. Nakala ya kuwagawia ndugu iondolee tarehe za kuzaliwa za walio hai.